Mkomwe wa Njia ya Kisiwani

Same ina njia mbili za kushukia Tanga. Ya kwanza kila abiria wa basi anaijua: lami inayoambaa upande wa magharibi wa milima ya Upare, ikipita Makanya na Hedaru sambamba na reli. Ya pili nayo huanzia hapo hapo mjini, lakini hukata mashariki kupitia pengo la milima kisha ikageuka kusini: Kisiwani, Gonja Maore, Ndungu, Kihurio, ndipo ikakutana na mwenzake huko Mkomazi. Ukishika hii ya pili unakuwa na milima kuliani na nyika ya Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi kushotoni. Ni njia ya wakulima wa mpunga, ya magunia ya tangawizi yanayoteremka kutoka Mamba Miamba, na ya pikipiki zinazobeba zaidi ya inavyoruhusiwa.

Karne moja na nusu iliyopita mambo yalikuwa kinyume. Njia ya Kisiwani ndiyo iliyokuwa barabara kuu, na huko magharibi palikuwa na malisho ya Wamasai na kiu. Sababu ni maji. Pepo zitokazo Bahari ya Hindi huugonga mlima upande wa mashariki na kuumwagia mvua yake. Zikivuka kileleni huwa zimebaki kavu, na Same inaishi katika ukavu huo hadi leo. Msafara wa watu mia mbili wenye mizigo hauwezi kupita pasipo na vijito. Kwa hiyo wapagazi waliotoka Pangani waliufuata mto Ruvu, yaani Pangani, hadi Korogwe, wakafika Mazinde, mji wa Semboja, mmoja wa wana wa Kimweri ye Nyumbai, yule mtawala wa Usambara aliyefariki mwaka 1862. Hapo walilipa hongo wakasonga mbele Kihurio na Gonja. Gonja ilikuwa mahali pa kununua chakula na kupumzisha mabega. Kisha Kisiwani, kisha pengo la Same au Ziwa Jipe, kisha Taveta na Kilimanjaro. Walikwenda na merikani, kaniki, shanga na waya; walirudi na pembe, na mara nyingi mno walirudi na watu.

Mimi nimeifuata njia hii kwa ajili ya mmea. Una miiba, unatambaa, maua yake ni ya manjano, na mbegu zake Waswahili wamezishika mikononi kwa karne nyingi bila kuhitaji mtaalamu wa kuwaambia ni nini. Ni mkomwe.

Tuanzie Same, maana ndipo mbegu zilipo. Jua linapokuwa kali, wazee huwa wamekaa kivulini na bao katikati yao. Niliwakuta wawili, mmoja keshashika kete za kunamua, nikawaamkia. "Marahaba, mwanangu," alijibu mkubwa wao bila kuinua uso. "Kaa, lakini usiseme neno mpaka hili liishe." Nikakaa. Kete zao zilikuwa za kijivu, za mviringo usio kamili, zimeng'aa kwa kupita viganjani. Bao lilipokwisha nikauliza zimetoka wapi. "Hizi za Pangani. Za mlimani zipo, ila kuzichuma ni vita."

Hiyo sentensi ya mwisho ina botania nyingi kuliko alivyokusudia mwenyewe. Mkomwe ni wa jamii ya mikunde, ukoo mmoja na kunde, maharage, mkwaju na mjohoro. Ni mmea wa kudumu. Shina lake hukomaa likawa la mti, na halisimami peke yake. Hauna nyuzi za kujizungushia kama zile za mzabibu wala haujisokoti kama kunde. Hupanda kwa kulabu. Kila kikonyo cha jani kimepangwa miiba iliyopindia nyuma, na majani yenyewe yamegawanyika mara mbili: kikonyo kikuu hutoa matawi, matawi hutoa vijani. Upepo ukilisukuma jani juu ya kichaka cha jirani, kulabu hushika na hazirudi. Mwaka unaofuata tawi limo ndani ya mti wa mwenzake, na miaka michache baadaye mti huo umefunikwa. Mtu anayeingia humo kuchuma hukamatwa vilevile: kuingia ni rahisi, kutoka ndiko kunakochana shati.

Maua hutoka kwenye shuke ndefu, madogo, ya manjano. Baada yake huja ganda fupi nene lililojaa miiba myembamba nje nzima, na ndani yake mbegu moja au mbili, nadra kuzidi. Kwa mkomwe wa pwani, mbili ndiyo kawaida. Bao la Kiswahili lina kete 64: kila mchezaji 32, kumi zikianzia ubaoni, sita kati yake zikiwa kwenye nyumba, na 22 zikibaki mkononi za kunamua. Piga hesabu: kete 64 ni maganda 32 ya miiba, na bao lenyewe lina mashimo 32. Ni sadfa tu, lakini ni sadfa tamu.

Ugumu wa mbegu hiyo unajulikana na kila aliyesoma shule ya msingi karibu na pwani: unaisugua komwe sakafuni mpaka iwake moto, halafu unamgusisha mwenzako aliyekaa dawati la mbele. (Na kuna wale ambao paji la uso liliwapatia jina hilo hilo la utani, tuwaache.) Ganda la mbegu halipitishi maji. Ukiifukia ilivyo, inaweza kukaa ardhini muda mrefu bila kuota. Lazima ikwaruzwe au ipasuke kwanza ndipo inywe. Na ndani, punje haijazi ganda lote, hewa hubaki. Kwa sababu hizo mbili, ugumu na hewa, komwe ya pwani huelea. Hubebwa na mkondo wa bahari miezi kwa miezi na kutupwa ufukweni ikiwa bado hai, ndiyo maana mkomwe wa pwani unaota fukwe za kitropiki duniani kote, kuanzia Karibi hadi visiwa vya Pasifiki.

Nyingine hupotea njia. Mwaka 1696 Hans Sloane, tabibu wa London aliyewahi kuishi Jamaica, aliandika kuhusu mbegu za ajabu zilizookotwa kwenye fukwe za visiwa vya Orkney, kaskazini mwa Uskoti, akatambua kuwa miongoni mwake zimo alizoziona Jamaica. Komwe ilikuwamo. Watu wa visiwa vya magharibi ya Uskoti hawakuwa na bao; walizivisha watoto shingoni kuwa hirizi ya kuzuia kijicho. Carl Linnaeus alipopanga majina ya mimea mwaka 1753 aliuita Guilandina bonduc, kwa kumkumbuka Melchior Wieland, Mprusi aliyekuwa msimamizi wa bustani ya mimea ya Padua. Baadaye ukahamishiwa kwenye jenasi ya Caesalpinia, jina la Andrea Cesalpino, Mwitalia. Kwa hiyo kete za yule mzee wa Same, kwa karatasi za wasomi, zilishabeba jina la Mprusi, kisha Mwitalia, kabla mtu wa tatu, Mjerumani, hajaja kumpa jina ndugu yake wa mlimani.

Huyo wa mlimani ndiye aliyenileta.

Kutoka Same kwenda Kisiwani barabara huteremka polepole ikiuacha mji. Mibuyu, mikambala na vichaka vya nyika hutawala kushoto. Kuliani mlima unazidi kuwa wa kijani kadiri unavyokwenda, na mabonde yake yanaanza kutoa maji. Kisiwani penyewe pana miti mikubwa na kivuli, na mtu aliyetembea kutoka Mazinde na frasila mbili kichwani angepaona kama rehema. Wajerumani nao walipaona hivyo: walipochukua nchi waliweka kituo hapa kulinda njia.

Orodha ya Wazungu waliopita chini ya milima hii ni ndefu, na wengi wao walikuwa wanakwenda mahali pengine. Mwaka 1861 Karl Klaus von der Decken, tajiri kutoka Hannover, alizunguka Jipe na Ugweno akiwa na mwanajiolojia Mwingereza Richard Thornton. Mwaka uliofuata alirudi na Otto Kersten. Shabaha yao ilikuwa theluji ya Kilimanjaro. Von der Decken aliuawa mwaka 1865 kwenye mto Juba, Somalia, na mimea iliyokusanywa katika safari zake ikaja kuchapishwa baadaye katika mfululizo mkubwa wa vitabu vya safari hizo. Mwaka 1888 Hans Meyer na Oscar Baumann walijaribu kufika Kilimanjaro kupitia Usambara, wakakamatwa katika vurugu za vita vya pwani, na Bushiri bin Salim akawaachia baada ya kulipwa fidia. Meyer akarudi 1889 akafika kileleni. Baumann alirudi 1890, na tofauti na wengi, yeye aliitazama Upare yenyewe. Kitabu chake cha 1891 kuhusu Usambara na nchi jirani kina ramani na maelezo ya milima hii.

Halafu akaja Georg Volkens. Alizaliwa mwaka 1855, alikuwa mtaalamu wa mimea aliyekwisha kufanya kazi jangwani Misri, na serikali yake ilimtuma kwenye kituo cha kisayansi kilichoanzishwa Marangu. Alikaa huko miaka ya 1893 na 1894, akakusanya maelfu ya mimea kutoka mashamba ya migomba hadi kwenye nyasi za juu ya msitu. Haikuwa kazi salama: mwenzake Carl Lent, mwanajiolojia, aliuawa Rombo mwaka 1894. Volkens alirudi Berlin akaandika kitabu kinene kuhusu Kilimanjaro kilichotoka mwaka 1897. Sina ugomvi naye. Alikaa mahali pamoja muda mrefu, akatazama, akaandika kwa makini, jambo ambalo wapitaji wengi wa njia hii hawakulifanya.

Miongoni mwa mimea iliyokuja kubeba jina lake ni mtambaazi wenye miiba na maua ya manjano. Hermann Harms, mtaalamu wa mikunde wa Berlin, aliuchapisha mwanzoni mwa karne ya 20 kwa jina la Caesalpinia volkensii. Ni mkomwe, lakini si ule wa ufukweni. Huu ni wa Afrika Mashariki peke yake, na makazi yake ni kingo za misitu, mabonde ya mito na vichaka vya mwinuko, kuanzia Ethiopia hadi Tanzania. Alama ya kwanza ya kuutofautisha ni pale jani linaposhikana na shina: mkomwe wa pwani una vijani vipana vilivyogawanyika mahali hapo, wa mlimani hauna. Vijani vya jani lenyewe kwa wa mlimani ni vikubwa zaidi, na mmea mzima hupanda juu zaidi, hata ukafika vilele vya miti ya msituni. Kenya katikati Wakikuyu huuita mubuthi, na mbegu zake wamezichezea giuthi, mchezo ulio jamaa wa bao. Kwa hiyo watu wa mlima na watu wa pwani, kila upande kwa mmea wake, walifikia mbegu ya aina moja kwa kazi moja. Hawakuhitaji kuazimana. Lakini katikati yao kulikuwa na njia, na bao halihitaji ubao: mashimo huchimbwa ardhini kambini, na kete huingia mfukoni.

Mtu akiuliza kwa nini mmea huu una jina la aliyekaa Marangu na si la mahali popote Upare, jibu limelala chini ya magurudumu ya gari. Njia ilipita miguuni mwa milima. Haikupanda. Wasafiri walinunua chakula Gonja, wakalala Kisiwani, wakaendelea. Waliokuwa na karatasi za kukaushia mimea walizitunza kwa ajili ya Kilimanjaro, na waliokuwa wanarudi walikuwa wamezimaliza.

Wapare nao walikuwa na sababu nzuri ya kubaki juu. Njia iliyoleta vitambaa ilileta pia wakamataji wa watumwa, na vita vya Usambara baada ya kifo cha Kimweri viliufanya uwanda uwe mahali pa hatari. Isaria Kimambo, katika historia yake ya kisiasa ya Wapare iliyotoka mwaka 1969, ameeleza jinsi biashara hiyo ilivyozivunja tawala za milimani vipande vipande, kila mwenye bunduki akijifanya mtemi. Karibu na Mbaga kuna mapango ya Mghimbi ambayo wenyeji walijifichamo. Ukisimama hapo ukatazama chini kwenye uwanda unaelewa: kutoka juu, msafara huonekana kwa vumbi lake saa nyingi kabla haujafika.

Kwa hiyo milima ya jirani ikapata wageni wa sayansi, Upare ikapata wapitaji. Usambara ilipata Carl Holst, mkusanyaji wa mwanzoni mwa miaka ya 1890, ambaye jina lake limo katika mimea mingi. Tanga ilipata Walter von Saint Paul-Illaire, aliyepeleka Ujerumani ua la zambarau ambalo mwaka 1893 liliitwa Saintpaulia na leo linauzwa madirishani duniani kote. Mwaka 1902 ikaanzishwa taasisi ya Amani, Usambara Mashariki, iliyokuja kuwa kituo kikubwa cha utafiti wa kilimo na mimea. Mwaka huo huo Adolf Engler, mkuu wa bustani ya mimea ya Berlin na mtu mwenye sauti kuliko wote katika botania ya Afrika, alikuja mwenyewe akatembelea Usambara na Kilimanjaro. Upare iko katikati ya hizo mbili.

Si kwamba haikuwa na cha kuonyesha. Milima ya Upare ni sehemu ya Tao la Mashariki, mlolongo wa milima ya kale inayoanzia Taita na kuishia kusini mwa Tanzania, na Shengena, kilele chake kirefu kuliko vyote, kina karibu mita 2,460. Katika msitu wa Chome uliokifunika, yumo ndege mdogo mwenye duara jeupe machoni ambaye hapatikani mahali pengine popote duniani. Hata yeye alipewa jina la kisayansi katika miaka ya 1930 kwa heshima ya Winifred Moreau, mke wa mtaalamu wa ndege aliyekuwa akiishi Amani.

Kutoka Kisiwani niliiacha njia ya misafara, nikafanya ambacho wao hawakufanya: nikapanda Mbaga. Barabara ni ya kona juu ya kona. Joto hubaki chini, migomba huanza, kisha kahawa chini ya miti, na mifereji ya maji inayotoka kwenye ndiva, mabwawa madogo ambayo Wapare wameyajenga na kuyatunza tangu zamani ili maji ya usiku yasipotee. Hapa Mbaga alikaa Jakob Dannholz, mmisionari wa Kilutheri aliyeandika kwa kirefu kuhusu imani za Wapare mwanzoni mwa karne iliyopita.

Njiani kuna mtego kwa mtu anayetafuta maua ya manjano yenye miiba. Nyua za zamani za milima ya kaskazini mashariki, hasa karibu na misheni na mashamba ya walowezi, zilipandwa mtambaazi wa Kiasia uitwao Caesalpinia decapetala. Ni jamaa wa mkomwe kwa kulabu na kwa tabia, maua yake ni ya manjano mepesi, makubwa na mazuri kuliko ya mkomwe, na walioupanda walitaka ua ambao ng'ombe hawezi kuupenya. Walichopata ni mmea uliotoka uani ukaingia mabondeni na kingo za misitu, na leo unahesabiwa miongoni mwa mimea vamizi Kenya na Tanzania. Wasiojua huudhani mkomwe. Tazama ganda: la mkomwe lina miiba nje, la huyu mgeni ni laini, limenyooka, lina ncha kama mdomo wa ndege, na mbegu zake ni ndogo za madoadoa meusi. Hazifai bao. Nikiulizwa upi ung'olewe, sitasita.

Mbegu hizi si za mchezo tu. India, komwe ya pwani ilitumika dhidi ya homa kiasi kwamba iliingizwa mwaka 1868 katika kitabu rasmi cha dawa cha nchi hiyo, wakati kwinini ilipokuwa ghali. Kenya, majani ya mkomwe wa mlimani huchemshwa kwa malaria, na maabara za huko zimechambua viambato vyake vichungu, vya kundi liitwalo diterpeni, na kuona vina nguvu fulani dhidi ya vimelea. Nguvu katika chupa ya maabara si dozi ya binadamu, na mwenye homa leo Same aende hospitali akapimwe. Nalitaja hili kwa sababu ya kejeli ya historia: Wajerumani walipozingirwa katika Vita Kuu ya Kwanza bila meli za dawa kutoka kwao, Amani ililazimika kutengeneza kwinini kutokana na mikwinini iliyopandwa pale. Askari wao walikuwa wakitembea kwenye nchi yenye dawa ya homa vichakani, wakinywa mchuzi mchungu wa mti ulioletwa kutoka Amerika ya Kusini.

Mwezi Mei 1916 njia ya Kisiwani na Gonja ilipata msafara wake mkubwa wa mwisho. Jeshi la Uingereza chini ya Jan Smuts lilishuka kutoka Kilimanjaro kwa safu tatu, moja ikifuata mto Ruvu, moja ikifuata reli, na moja, wakiwamo askari wa King's African Rifles, ikapita mashariki ya milima kuelekea Gonja. Baada ya hapo njia hiyo haikuwa na kazi kubwa tena. Reli iliyoanza Tanga mwaka 1893 ilikuwa imefika Korogwe 1902, Mombo 1905, Buiko 1909 na Moshi 1911, na ilipofika Buiko ilichagua magharibi. Gari la moshi halinywi vijitoni kila siku kama mpagazi. Lilitaka ardhi tambarare, likaipata Makanya na Same. Same ikakua kwa stesheni. Gonja na Kisiwani zikabaki na maji yao.

Sampuli za Volkens nazo zilikuwa na safari yao. Zililazwa katika hebaria, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa, ya Dahlem, Berlin. Harms alifariki mwishoni mwa mwaka 1942, na miezi michache baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 2 Machi 1943, mabomu ya ndege za Uingereza yaliiteketeza hebaria hiyo. Sehemu kubwa ya mimea ya Afrika Mashariki iliyokusanywa wakati wa Wajerumani, ile ambayo majina yenyewe yalisimama juu yake, ikawa majivu. Zilizonusurika ni nakala zilizokuwa zimegawiwa London na kwingine. Wataalamu wakaanza upya kwa vilivyobaki: Percy Greenway wa Amani alikwishachapa mwaka 1940, Dar es Salaam, kamusi yake ya majina ya mimea ya Kiswahili, na J. P. M. Brenan akaandika mwaka 1967 juzuu ya kundi la mkomwe katika ule mradi mkubwa wa kuorodhesha mimea yote ya Afrika Mashariki, ulioanza 1952 na kukamilika 2012. Mwaka 2016 wanasayansi waliochunguza vinasaba walilipanga upya kundi zima la Caesalpinia kuwa jenasi 26, na mikomwe ikarudishiwa jina la Linnaeus. Wa mlimani sasa ni Guilandina volkensii. Wieland wa Padua amerudi; Volkens amebaki; Upare bado haimo.

Hili la mwisho linaweza kurekebishwa, angalau kwa sehemu, na halihitaji msafara. Majina hayabadilishwi kwa hasira, lakini kumbukumbu ya mahali hujengwa sampuli kwa sampuli. Kama wewe ni mwalimu wa baiolojia Same, Mbaga, Suji au Usangi, au mwanafunzi anayerudi nyumbani likizo, ukikutana na mkomwe wa mlimani wenye maua au maganda, kata tawi lenye majani kamili, ua na ganda pamoja. Litandaze kati ya magazeti makavu, liwekee uzito juu, badilisha magazeti kila siku mpaka likauke. Andika kwenye karatasi: kijiji, mwinuko, tarehe, mmea ulikuwa umepanda juu ya nini, rangi ya ua likiwa bichi, na jina ambalo bibi yako anauita mmea huo kwa Chasu au Kigweno, lugha za Upare, pamoja na matumizi aliyoyajua. Peleka kwenye hebaria ya taifa Arusha, au kwenye Idara ya Botania ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Vaa shati la mikono mirefu.